Nzi wa Dhahabu Kifuani mwa Malkia

Hapo zamani, zamani ya mbali kabisa, kabla ya kitambi changu na kabla ya mtu yeyote kuwaza kuniuzia dawa ya upara, palikuwa na malkia katika nchi ya Kushi, huko Nubia, mahali ambapo mto Nile unagongana na mawe mpaka unapiga kelele. Piramidi? Bado, bwana, usinikatize. Piramidi walikuja kuzijenga baadaye. Enzi hizo mtawala akifa alichimbiwa shimo la duara, pana kama uwanja wa ngoma, likazungushiwa mafuvu ya ng'ombe na pembe zake, kisha likafunikwa kwa kilima cha udongo. Na humo shimoni mtawala hakutiwa kwenye sanduku. Alilazwa kitandani.

Ndiyo, kitandani. Kitanda cha kuwamba, kama kile cha bibi yako. Mimi nimelala vitanda vya nchi nyingi, na kimoja kule Kigoma kililala juu yangu, lakini kitanda kama cha malkia yule sijakiona. Matendegu yake yalichongwa kama miguu ya fahali, kwato na vyote. Ubao wa miguuni ulipambwa kwa vipande vya pembe za ndovu: hapa twiga, pale tai, kule mbuni anakimbia. Na chini ya twiga hao, miguuni pa kitanda, ndipo palipokuwa na nafasi ya heshima.

Heshima gani? Wale waliomtumikia mtawala kwa mapenzi walishuka naye. Walijikunja miguuni pake kama watoto waliolala, udongo ukamwagwa. Wakiwa hai.

Mmeshtuka? Mimi niliposimuliwa mara ya kwanza nilikuwa nakula, nikaacha kula. Wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Basi malkia akaugua. Akaugua kitambo kirefu, hata vitu vyake vya kaburini vikawa vimeshafungwa tayari: mitungi, viatu vya ngozi, upepeo wa manyoya ya mbuni, na kioo chake cha shaba iliyosuguliwa. Siku moja ya joto kali akaanguka. Mwili ukapoa, macho yakafumba, kifua kikatulia. Kuhani Mkuu akaitwa. Sasa, desturi ilikuwa hivi: unashika kioo mbele ya mdomo wa mgonjwa, kikiingia ukungu, yu hai, kikibaki kinang'aa, basi. Lakini kioo kilikuwa kimeshafungwa na vitu vya kaburini, na kitu kilichofungiwa kaburi hakifunguliwi. Mwiko.

Kuhani akainama. Akasikiliza kidogo. Akainuka.

"Amekwenda," akasema.

Mji mzima ukalia.

Fundi wa kitanda aliitwa Arike. Mikono ya Arike ilikuwa ya ajabu, na ahadi zake zilikuwa za ajabu zaidi. Fundi ni fundi. "Njoo kesho" ilikuwepo hata enzi hizo. Kitanda cha malkia alikuwa ameshakichonga, ila kukiwamba bado, maana katikati alichukua kazi ya kitanda cha harusi. Msiba ulipomkuta, akachuna ng'ombe wa jana, akakata kanda za ngozi ikiwa bado mbichi, inadondoka maji, akawamba hivyohivyo.

Sonara aliitwa Malowi. Yeye alipewa kazi ya nzi. Msicheke. Kwa watu wa Kushi nzi alikuwa nishani ya shujaa. Mwangalie nzi: unamfukuza anarudi, unamtishia anarudi, unakasirika yeye hana habari. Askari aliyepigana hivyo alivishwa nzi shingoni. Nzi wa mtawala alitengenezwa kwa dhahabu, na alitakiwa awe mzito, alale kifuani kama mkono wa mtoto. Malowi alipewa bonge la dhahabu la kutosha. Akaleta nzi mzuri mno: mabawa membamba kama ganda la kitunguu, miguu kama unywele, macho ya buluu. Watu wakamsifu. Hakuna aliyempima.

Na palikuwa na Tedeke, binti aliyempepea malkia tangu alipokuwa na nguvu za kushika upepeo. Malkia amekufa, Tedeke anashuka naye. Hakuulizwa. Aliambiwa hongera.

Mama yake Tedeke, jina lake Sakuwe, alikuwa mfinyanzi. Vikombe vyote vya msiba ule vilitoka mkononi mwake. Vikombe vya Kushi vilikuwa vyembamba, vyekundu tumboni na vyeusi mdomoni, kwa sababu vilichomwa vikiwa vimefudikizwa, mdomo umezama kwenye majivu na makapi. Na kati ya wekundu na weusi ulipita mstari wa kijivu kama moshi ulioganda. Siku ya mazishi kila mfiwa alikunywa pombe ya mtama, kisha akafudikiza kikombe chake chini kando ya kaburi. Kikombe cha mwisho kikifudikizwa, shimo linafukiwa.

Asubuhi ile Sakuwe alimpaka binti yake mafuta ya nywele, taratibu, kama anayesugua chungu kabla ya kukichoma.

"Mama, usilie. Watu wanaangalia."

"Silii. Ni moshi wa tanuri."

"Tanuri halijawashwa, mama."

"Basi ni moshi wa jana. Geuza kichwa."

Wakambeba malkia kwenda kaburini. Jua kali. Sasa wewe uliyewahi kuanika ngozi mbichi unajua inafanya nini juani: inakauka, inakaza, inavuta. Kanda za Arike zikaanza kuvuta. Kitanda kikalia nyii, nyii, nyii, njia nzima. Wabebaji wakatazamana. Wakafika ukingoni mwa shimo, wakainua ili washushe, na pale pale, kwaa! Tendegu la mbele likachomoka.

"Arike!" Kuhani akafoka. "Nini hiki?"

"Baba Kuhani, sasa hivi tu. Nagonga kidogo, linarudi."

"Ndivyo ulivyosema mwezi uliopita!"

"Mwezi uliopita nilikuwa sina nyundo, Baba. Leo ninayo."

Akagonga. Halikurudi. Akalegeza kanda, akakaza kanda, akaomba mtu amshikie hapa, akamgombeza kwa kushika pale. Kitanda kimekaa juani, malkia juu yake, nzi wa dhahabu kifuani. Watu wakachoka kusubiri, wakaanza kunywa na kufudikiza vikombe.

Tedeke alisimama pembeni, anafukuza nzi kwa upepeo wake wa kila siku. Nzi halisi walikuwa wengi, kwa ng'ombe waliochinjwa pale. Alikuwa amechoka. Macho yamejaa machozi ambayo aliambiwa asiyatoe. Akafukuza mmoja begani, akafukuza mmoja shavuni. Akaona mmoja kifuani mwa malkia. Anapanda, anashuka. Anapanda, anashuka. Mabawa yanatetemeka. Akampungia upepeo, wala! Nzi gani huyu asiye na adabu? Tedeke akasahau. Akasahau dhahabu, akasahau malkia, akasahau kaburi. Akainua kiganja.

PAA!

Kofi juu ya kifua cha malkia aliyekufa.

Nyundo ya Arike ikasimama hewani. Mama yake Tedeke akaziba mdomo. Kumpiga maiti, tena maiti ya malkia! Kuhani akajaza mapafu ili apige ukelele, na kabla hajaupiga, maiti ikakohoa.

Ikakohoa tena.

Ikakaa kitako.

"Nani amenipiga?" malkia akauliza.

Jamani! Wapiga ngoma walikimbia wakaziacha ngoma zikibingirika zenyewe. Wazee ambao asubuhi walibebwa kwa sababu ya magoti walionekana ng'ambo ya shamba la mtama, wakishindana. Wabebaji walilala kifudifudi. Kuhani Mkuu yeye hakukimbia, ni mtu wa heshima zake; alirudi nyuma tu. Akarudi nyuma hatua, akarudi nyuma hatua, akarudi nyuma hatua ambayo chini yake hapakuwa na kitu. Pu! Ndani ya kaburi.

Akapiga kelele mpaka wakamvuta juu, kipara kimejaa udongo. Na kipara kikijaa udongo, niamini mimi, hautoki siku hiyo.

Malkia akanywa maji. Akatazama shimo. Akatazama mafuvu ya ng'ombe, vikombe vilivyofudikizwa, mitungi yake. Akaelewa.

"Mlikuwa mnanifukia," akasema.



"Mimi niko hai, nanyi mlikuwa mnanifukia. Aliyenirudisha ajitokeze. Mbele ya kaburi hili naahidi, nitampa heshima kubwa kuliko zote nilizonazo."

Mmewahi kuona nzi wanavyotua kwenye kibuyu cha maziwa? Ndivyo walivyokuja.

Arike akafika wa kwanza, nyundo bado mkononi. "Mama wa Kushi! Bila mimi ungekuwa chini ya udongo. Hawa walikuwa na haraka. Ni nani aliyewachelewesha? Kitanda changu. Fundi mwingine angewamba kwa ngozi kavu, kitanda kingesimama imara, nawe ungeshuka ukiwa imara hivyohivyo! Mimi niliwamba kwa ngozi mbichi."

"Kwa makusudi?" akauliza Kuhani.

"Moyo ulinituma, Baba Kuhani."

"Moyo au uvivu?"

"Vilikuwa vinafuatana."

Malowi akamsukuma. "Mama wa Kushi! Bila mimi ungekuwa chini ya udongo. Kitanda kingetengenezwa, ungeshushwa. Ni nani aliyeonyesha kwamba unapumua? Nzi wangu! Alipanda na kushuka na pumzi yako."

Kuhani akakunja uso. "Nzi wa dhahabu yote ile tuliyokupa? Pumzi ya mtu mgonjwa imnyanyue?"

Mnamwona Malowi anavyopigana na nafsi yake? Akikaa kimya, heshima inapotea. Akisema, wizi unajulikana. Lakini sifa ni tamu. Akafungua mshipi wake, akatoa bonge la dhahabu, akaliweka miguuni pa malkia.

"Nzi ni mtupu ndani," akasema. "Nilimponda mwembamba, dhahabu iliyobaki nikajiwekea. Ndiyo, niliiba. Lakini Mama, ningekuwa mwaminifu, nzi angekuwa mzito, angelala tuli, nawe ungelala tuli milele!"

Watu wakashika vichwa. Mwizi anadai zawadi kwa wizi wake! Na ubaya wenyewe, alikuwa anasema kweli.

Tedeke hakusogea. Mama yake akamsukuma mgongoni. "Sema, mwanangu. Sema, huenda akakuachia."

"Mama wa Kushi," Tedeke akasema, sauti ndogo, "bila mimi ungekuwa chini ya udongo. Kitanda kilichelewesha tu. Nzi alitikisika tu, na wote hawa walikuwepo, hakuna aliyemtazama. Kofi lilikuwa langu. Nimekukosea adabu. Lakini umeamka."

"Kumbe ni wewe," malkia akasema, akajishika kifua. "Una mkono mzito."

"Wa kupepea, Mama."

Malkia akacheka, kidogo, kicheko cha mtu aliyetoka mbali. Watu nao wakaanza kucheka. Pale pale Kuhani akainua fimbo.

"Mama, umetoa ahadi mbele ya kaburi. Ahadi ya hapa hairudi nyuma. Umesema heshima kubwa kuliko zote. Na katika Kushi yote, kila mtoto anajua, heshima kubwa kuliko zote ni moja." Akaelekeza fimbo kitandani. "Shimo limechimbwa, ng'ombe wamechinjwa, vikombe vimefudikizwa. Kaburi lililofunguliwa likifukiwa tupu litaanza kutafuta lenyewe, nyumba kwa nyumba. Kabla kivuli cha fuvu lile kubwa la ng'ombe hakijagusa ukingo, aliyekuokoa atalala juu ya kitanda chako, na nzi kifuani, mahali pako. Amestahili."

Malkia alipoahidi alikuwa anafikiria ng'ombe, labda na shamba kando ya mto.

Na wale mashujaa wetu watatu? Mmewahi kuona fundi anayeikana kazi yake?

"Si mimi, Mama!" Arike akapiga magoti. "Kitanda kibovu kinaokoaje mtu? Muulize mke wangu, mimi sijawahi kufanya jambo la maana. Mwenye sifa ni Malowi. Bila nzi, kuchelewa kwangu kungekuwa kuchelewa tu."

"Si mimi, Mama!" Malowi akapiga magoti kando yake. "Mimi ni mwizi, nimekiri, mashahidi hawa hapa. Mwizi alazwe kitanda cha malkia? Aibu! Nzi wangu alipanda na kushuka asubuhi nzima, ukaamka? Hukuamka. Umeamshwa na kofi. Mwenye kofi yule pale."

"Yule pale," Arike akaunga mkono, wale wale waliosukumana sasa wamekuwa ndugu. "Tena alikuwa anashuka hata hivyo. Ameshapakwa mafuta."

Watu wote wakageuka kumtazama Tedeke. Wengine wakatikisa kichwa polepole, ile ya kukubali. Ilikuwa inafaa. Ilikuwa rahisi. Hakuna ambaye angelazimika kubadili mipango yake.

Tedeke akaacha upepeo ukaanguka.

"Sijaelewa," akasema. "Asubuhi niliambiwa nashuka kwa sababu Mama amekufa. Sasa nashuka kwa sababu Mama amepona. Akifa, nashuka. Akipona, nashuka. Niambieni basi, Baba Kuhani, afanye nini Mama ili mimi nirudi nyumbani?"



"Ni heshima, binti," Kuhani akasema.

"Ni heshima kweli?"

"Kubwa kuliko zote."

"Basi mbona wewe ulipoipata ulipiga kelele ukitaka kuvutwa juu?"

"Mimi? Niliteleza!"

"Uliingia kaburini kabla ya mtu yeyote, Baba Kuhani. Hakuna aliyekusukuma. Ulisema likikosa mtu litajitafutia. Labda lilishajitafutia. Na kama tunamtafuta aliyemfikisha Mama kwenye ukingo huu mpaka akahitaji kuokolewa, ni nani aliyesema 'amekwenda'?"

Kuhani akaupangusa udongo kichwani. Haukutoka. "Nilifuata desturi. Kioo kilikuwa kimefungwa. Kufungua ni mwiko."

"Kioo changu?" Malkia akageuka kwenye mitungi. Akauona mzigo, akaufungua kwa mkono wake mwenyewe, mwiko au si mwiko, akatoa kioo cha shaba. Akakishika mbele ya mdomo wake. Kikaingia ukungu. Akakifuta, akajaribu tena. Kikaingia ukungu tena. Akakitazama kwa muda mrefu, mtu anayejihakikishia, kisha akakigeuza: kwa Arike, kwa Malowi, kwa Tedeke, kwa Kuhani. Kila uso ukapita humo, na kila uso ulikuwa na hofu ile ile.

Hadithi hii nimeitembeza. Lubumbashi, fundi seremala mmoja alisema ni Kuhani, hakuna la kujadili, na akakataa kumtaja Arike. Bujumbura, mama mmoja mpishi alisema ni malkia mwenyewe: pumzi ni yake, kaburi ni lake, ahadi ni yake, asihangaishe watoto wa watu. Tanga waligombana mpaka chai ikapoa, wa upande wa sonara na wa upande wa kofi, nami nikatoka kwa mlango wa nyuma. Wengine wananiambia shimo lifukiwe tupu, liende likatafute. Nawauliza, likianzia nyumba yako? Wanatafuta viatu vyao.

Mimi sina jibu. Ningekuwa na akili ya kutoa hukumu nisingekuwa nazunguka nchi za watu nikisimulia bure.

Lakini fanyeni upesi. Kivuli cha fuvu kinatambaa, kimebakiza upana wa kiganja kufika ukingoni. Malkia ameinua mkono wake na bado hajauelekeza kwa mtu. Arike anamtazama Malowi, Malowi anamtazama Tedeke, Tedeke anamtazama Kuhani, Kuhani anatazama chini. Vikombe vimezunguka kaburi, vyekundu kwa vyeusi, vyote vimefudikizwa.

Vyote, isipokuwa kimoja. Sakuwe mfinyanzi amekishika cha kwake tangu asubuhi, hajanywa, hajakigeuza, na hakuna aliyemwona. Shimo halifukiwi mpaka akigeuze. Pombe bado imejaa, na macho yake hayako kwa malkia tena. Yako kwenu.

Haya, mwambieni yule mama: kati ya hao wote, nani aliyestahili kitanda kile?